Kambi kando ya Ziwa Victoria upande wa Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa wageni tunaowasindikiza kambini: familia za hapa mjini, wanachuo, na watu wa Dar waliokuja harusini wakaamua kubaki siku mbili. Majibu hayalingani urefu. Kiboko ana mengi ya kusemwa, spika haina.

Nina usiku mmoja tu na niko Mwanza mjini. Niende wapi?

Kisiwa cha Saanane. Gati yake iko upande wa Capri Point, na kwa boti ni dakika chache tu. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, ndogo kuliko zote nchini: kilomita za mraba 2.18 ukihesabu na maji yake. Jina ni la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa akiishi pale kabla ya serikali kuanzisha bustani ya wanyama mwaka 1964.

Watu wa Mwanza wengi huiona kila siku kutoka barabarani na hawajawahi kuikanyaga. Ukivuka utakuta swala pala, tumbili, pimbi waliojazana kwenye nyufa za miamba, na kenge wakubwa wanaoota jua. Ukibahatika, asubuhi mapema utamwona fisi maji akipasua maji karibu na mawe. Halafu kuna mjusi wa miambani wa hapa, ambaye wanasayansi wamempa jina la mji wetu, Agama mwanzae. Dume ana kichwa na mabega mekundu, na kuanzia hapo hadi mkiani ni buluu iliyoiva. Kaa mita tatu kutoka kwake, tulia, na baada ya dakika kadhaa ataanza kupiga zile pushapu zake kuwaonya madume wengine. Ukinyanyua simu haraka anaingia ufani, na unaanza upya kusubiri.

Kulala weka nafasi mapema ofisini kwao. Malipo hayapokelewi taslimu, unapewa namba ya malipo na kulipa kwa simu au benki. Raia wa Afrika Mashariki wana kiwango chao cha chini, kwa hiyo usisahau kitambulisho.

Nikiwa na siku tatu au nne?

Hapo nenda Rubondo, na usijibane. Imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1977, ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 457, na karibu nusu ya hizo ni maji. Kisiwa chenyewe kimefunikwa na msitu. Kati ya 1966 na 1969 waliletwa sokwe 17, wengi wao wakitoka kwenye mabustani ya wanyama ya Ulaya, wakaachiwa msituni. Hawakufundishwa kuishi porini. Walijifunza wenyewe, wakazaana, na wajukuu zao ndio wanaofuatiliwa na waongozaji leo. Tembo na twiga nao waliletwa. Wenyeji wa asili ni nzohe, yule swala wa majini mwenye kwato ndefu zilizotanuka zisizozama kwenye tope, pamoja na pongo, kiboko, mamba na fisi maji.

Kwa barabara sasa ni rahisi. Daraja la J.P. Magufuli pale Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na ile foleni ya kivuko imebaki kuwa hadithi. Unapita Sengerema na Geita, kisha unachagua: kupandia boti Nkome, ambako safari ya maji ni ndefu, au kuendelea hadi Kasenda upande wa Chato, ambako maji ni mafupi. Mwenye tumbo linalochafuka asijaribu Nkome mchana.

Kwa wanaouliza simba: Rubondo hakuna simba wala chui. Ndiyo maana watu hutembea kwa miguu kule, wakiwa na askari wa hifadhi.

Lazima niwe hifadhini? Siwezi kuweka hema ufukweni kijijini tu?

Unaweza, ila usitue kama kunguru. Ufukwe una wenyewe. Anza kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa, kisha onana na viongozi wa BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi ufukweni) wa mwalo ulio karibu, yaani pale boti za uvuvi zinapotia nanga, maana wao ndio wanaojua nani anaingia na kutoka majini usiku. Jitambulishe, sema mko wangapi na mnaondoka lini. “Mwangaluka” kwa wazee wa Kisukuma inafungua milango, na shikamoo haijawahi kumwangusha mtu.

Hili si suala la adabu peke yake. Mvuvi anayerudi saa tisa usiku akikuta mahema asiyoyajua karibu na nyavu zake ana haki ya kushtuka. Akikujua, ndiye atakayekwambia kiboko anapandia wapi na jana mamba alionekana wapi. Hakuna ramani yenye habari hizo.

Mwalo wenyewe si mahali pa kulala. Kuna harufu, mashine zinaunguruma usiku kucha, na dagaa wameanikwa kila mahali. Sogea mbali kidogo.

Twende mwezi gani?

Juni hadi Septemba ni kiangazi, ardhi kavu, hema haliozi. Masika ya Machi hadi Mei hatuwashauri wanaoanza. Vuli, Oktoba hadi Desemba, inaleta ndege wengi wakiwemo wahamiaji kutoka Ulaya, lakini beba turubai la ziada.

Swali ambalo watu hawaulizi, na lina maana kuliko hilo, ni la mwezi wa angani. Dagaa wa ziwa hili huvuliwa usiku kwa taa: zamani karabai, siku hizi taa za betri na sola. Samaki wanafuata mwanga. Mbalamwezi ikiwaka, mwanga umetapakaa kila mahali, taa ya mvuvi haina nguvu tena, kwa hiyo wengi hupumzika na kushona nyavu. Kipindi cha giza wote wanatoka. Ukilala Kayenze au Igombe wakati wa giza utaona mstari wa taa baharini, samahani, ziwani, mrefu hadi unadhani kuna mji ng’ambo. Inapendeza mno, lakini si kimya: injini zinasikika hadi alfajiri.

Kwa hiyo chagua. Unataka taa na nyota, njoo gizani. Unataka maji yaliyotulia na usiku ambao sauti kubwa kuliko zote ni ya chura, njoo siku za mwezi mpevu.

Ziwa linatulia saa ngapi?

Kwa kawaida kuanzia alfajiri hadi saa tatu au saa nne asubuhi. Baada ya hapo nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa ya nchi kavu inapanda, na upepo kutoka ziwani unakuja kujaza nafasi. Mchana mawimbi yanakatika mfululizo kwenye mawe. Jioni upepo unafifia, na kuna saa moja hivi ya utulivu kabla ya giza ambayo wapiga picha wanaililia.

Usiku mambo yanageuka. Nchi kavu inapoa, ziwa linabaki na joto lake, upepo unatoka nchi kavu kuelekea majini kutoka pande zote. Hewa hizo zinakutana katikati ya ziwa, zinapanda, zinazaa mawingu. Ndiyo sababu dhoruba kali za Ziwa Victoria huwapata wavuvi usiku wa manane na karibu na mapambazuko, wakati mtu wa Mwanza mjini anaona radi za mbali tu. Mbingu ikiwa safi saa mbili usiku haina maana utalala salama kwenye boti. Angalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kutoka, na ukisikia ngurumo ondoka juu ya mwamba, shuka chini. Ule mwamba mrefu wenye mandhari nzuri ndio radi inaoupenda.

Naogopa kiboko. Ni kweli anaingia kambini?

Anapita kambini kama kambi umeiweka njiani kwake. Kiboko mchana yumo majini, ngozi yake haivumilii jua. Giza likiingia anapanda kula majani, na hurudi kabla ya asubuhi. Anatumia njia ileile miaka na miaka.

Njia hiyo unaweza kuisoma, na tunamwonyesha kila mgeni. Tafuta pahali ambapo matete yamefunguka hadi majini. Chini utaona mifereji miwili midogo iliyoenda sambamba, katikati pameinuka kituta chenye majani: miguu ya kulia inakanyaga mfereji huu, ya kushoto ule, tumbo linapita juu ya kituta. Pembeni vichaka vimerushiwa mavi hadi usawa wa goti, maana anayasambaza kwa mkia. Na mbele kidogo kuna majani mafupi, yamekatwa sawasawa, kijani kibichi, ambapo mgeni husema, “Hapa ndipo, tuweke hema hapa!” Hapo ndipo mezani kwake.

Weka hema mbali na alama hizo, na angalau hatua mia kutoka ukingoni. Usiku ukimsikia anatafuna, kaa ndani ya hema, zima tochi, nyamaza. Atamaliza ataondoka. Kosa linaloua watu ni kusimama kati yake na maji, kwa sababu akishtuka anakimbilia majini kwa njia iliyonyooka, na kwa mwendo mfupi anakimbia kuliko wewe. Choo cha usiku kiwe upande wa nchi kavu. Hili tunalisema mara tatu na bado kuna mtu atakayeelekea majini na tochi.

Na mamba?

Usichote maji alfajiri wala jioni ukiwa umeinama ukingoni. Usioshe vyombo hapo. Mabaki ya samaki yafukiwe mbali au yaondoke nanyi. Mamba hukariri pahali ambapo watu huja kila siku saa ileile, kwa hiyo hata kama ni lazima kuchota, badilisha mahali na uchote kwa ndoo yenye kamba. Mtoto asikae ukingoni peke yake, hata dakika moja.

Tunaweza kuogelea?

Jibu letu ni hapana, na wageni wananuna. Mamba na kiboko tumeshawasema. Kilichobaki ni kichocho.

Vimelea vyake vinakaa kwanza ndani ya konokono wadogo wa majini, kisha vinatoka na kuelea vikitafuta ngozi. Vikikupata vinaingia wenyewe, huhitaji kidonda wala kunywa maji. Konokono hawa wanapenda maji yaliyotulia, yenye magugu na matete, ya kina kifupi, karibu na watu wanapooga na kufua. Kwa maneno mengine, kile kighuba kizuri kisicho na mawimbi ulichokipigia picha ndicho chenye hatari kuliko sehemu yenye mawe na upepo. Vimelea hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, saa za mchana ambazo kila mtu anataka kuruka majini. Kujifuta taulo upesi hakutoshi.

Wapo watakaokwambia wamezaliwa Ukerewe na wameogelea maisha yao yote. Kweli, na wengi wao wamekunywa prazikwanteli, dawa ya kichocho, shuleni zaidi ya mara moja.

Ukitaka kuoga kambini, teka maji ya ziwa, yaache kwenye ndoo yenye mfuniko kwa siku mbili, vimelea vitakuwa vimekufa. Au yachemshe. Anayelazimika kuingia majini kusukuma boti avae buti za mpira ndefu.

Maji ya kunywa?

Ya chupa kubwa kutoka mjini, au yaliyochemka vizuri. Ziwa linapokea maji machafu ya miji, usidanganywe na uangavu wake.

Mimi si mtaalamu wa ndege. Nitafurahia nini?

Utawajua wachache na itatosha. Furukombe, tai mwenye kichwa na kifua cheupe, anaanza kupiga kelele mapema asubuhi huku akitupa kichwa nyuma. Mdiria wa mabaka meusi na meupe anasimama hewani juu ya maji, mabawa yanapiga, kichwa hakitikisiki hata kidogo, halafu anadondoka. Mnandi hukaa juu ya jiwe ametanua mabawa yakauke, kwa sababu manyoya yake hunywa maji, tofauti na ya bata. Yangeyange wako kila mahali. Fundichuma ana kichwa chenye umbo la nyundo na hujenga kiota kikubwa cha vijiti ambacho mtu mzima anaweza kukalia, ingawa usijaribu.

Rubondo kuna pia kasuku wa kijivu, waliokamatwa mikononi mwa wasafirishaji haramu na kuachiliwa kisiwani.

Darubini moja kwa watu watatu inatosha. Chagua kiti, kaa pahali pamoja saa nzima. Anayezungukazunguka kutafuta ndege huwafukuza, anayekaa hufuatwa.

Ule moshi unaoinuka ziwani ni moto?

Ni wadudu. Wanatoka majini kwa mamilioni, hasa karibu na mwezi mchanga, na wanapaa juu ya ziwa kwa nguzo nyeusi zinazoonekana kutoka mbali. Hawaumi. Kero yao ni kujaa kwenye taa, kwenye chai na puani. Wakielekea kwenu zimeni taa, fungeni zipu za mahema, funikeni sufuria. Upepo huwapeleka.

Wanaouma ni mbu, na Kanda ya Ziwa malaria ipo kweli. Hema liwe na wavu usiotoboka, vaa mikono mirefu jioni, paka dawa ya mbu. Rubondo kuna mbung’o: acha nyumbani nguo za buluu na nyeusi, wanazifuata.

Naweza kuja na spika?

Hapana.

Maelezo kwa wanaobisha: usiku maji yakitulia sauti inakwenda mbali sana. Wimbo wako mmoja unasikika kwenye mahema ya watu walio ng’ambo ya ghuba, na fisi maji uliyesafiri kumwona amehama. Anayetaka muziki, Mwanza ina kumbi nzuri.

Chakula tupike nini, na tumbili je?

Sato wa kuchoma na ugali, huwezi kukosea. Nunua samaki asubuhi mwaloni, aliye na macho maangavu na mashavu mekundu ndani. Beba jiko dogo la gesi, kwa sababu kukata kuni hifadhini ni marufuku, na vijijini miti imekwisha ya kutosha.

Tumbili anajua zipu. Anajua pia tofauti kati ya mfuko wenye ndizi na mfuko wenye nguo. Vyakula vikae kwenye ndoo ngumu zenye mfuniko wa kubana au ndani ya gari. Usimpe hata ganda: tumbili aliyezoea kupewa huanza kunyang’anya watoto, na mwisho wake huwa ni kuuawa.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, njoo na vikapu. Taka zote mnarudi nazo.

Hema gani linafaa?

Lolote lenye sakafu nene na linaloweza kusimama bila vigingi, kwa kuwa huku unapiga kigingi kinagonga mwamba. Funga kamba kwenye mawe makubwa. Mwamba hutunza joto la mchana, unalala kwenye jiko hadi saa sita usiku, kisha kunakuwa na ubaridi. Shuka nzito inatosha, blanketi la Iringa liache. Tochi ya kichwa yenye mwanga mwekundu ni bora: haivuti wadudu wengi na haiwatii kiwewe wanyama.

Ukionyeshwa “ufukwe wa zamani” na mtu ambaye hajaenda miaka kadhaa, kagua kwanza. Ziwa lilipanda sana 2020 na tena 2024, na sehemu nyingine zilizokuwa mchanga sasa ni matete.

Boti nikodi ya nani?

Yenye jaketi okozi la kila abiria, na unalivaa kabla ya kupanda, si kulikalia. Muulize nahodha ana mafuta ya kwenda na kurudi, na kama injini ikizima ana kasia. Akicheka swali, tafuta mwingine. Watu wa Mwanza hawajasahau MV Bukoba ya Mei 1996 wala MV Nyerere pale Ukara, Septemba 2018. Zote mbili zilikuwa zimebeba watu kupita uwezo wake, na zote zilizama karibu na zinakokwenda.

Mkiwaona viboko, injini ipunguzwe na mpite mbali nao, msiwakatie njia ya kukimbilia kwenye kina kirefu.

Nimesharudi nyumbani. Kuna cha kufanya?

Anika hema siku hiyohiyo. Homa yoyote ndani ya wiki chache zijazo, nenda ukapime malaria na umwambie daktari ulikuwa ziwani. Kama uligusa maji, pima kichocho baada ya miezi miwili hivi. Kwenda kesho yake ni kupoteza hela, mayai hayajaanza kuonekana kwenye choo, na prazikwanteli haiwaui vizuri minyoo wachanga.